Ushuhuda wa Flashi Nyekundu

Kwenye ibada zetu za jioni hapa Mgwashi ushuhuda una utaratibu wake. Mtu anasimama, anamsifu Bwana, anataja alivyokuwa: mnywaji wa boha, mpiga mke, mla fedha za rambirambi. Watu wanaguna. Kisha anataja siku aliyobadilika, makofi yanapigwa, wimbo unaimbwa, na sote tunatoka kabla ukungu haujafunga njia. Mara moja na mimi nilisimama. Nikasema nilikuwa nawapigia watu windo za wizi na sasa nimeacha. Kanisa likawa kimya. Mzee mmoja aliyeketi mbele akauliza, kwa huruma kabisa, hayo madirisha niliyaiba nyumba ya nani.

Sikupata makofi wala wimbo. Ndiyo maana naandika.

Nilijifunza ufundi Tanga mjini, nikarudi kwetu mwaka 2014 na printa moja, mashine ya kutolea kopi, na flashi nyekundu yenye kamba ya viatu. Steshenari yangu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba. Nilichapa mitihani ya walimu, mihtasari ya vikoba, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi. Kando ya hayo kulikuwa na kazi iliyonilipia ada za watoto: kupiga windo, yaani kuweka Windows kwenye kompyuta, kwa shilingi 10,000, na kuondoa maandishi ya kona kwa 5,000.

Maandishi ya kona mnayajua. Chini kulia mwa kioo, rangi hafifu kama ya moshi, yanakuambia uende kwenye mipangilio ukaiwashe leseni ya Windows. Hayazuii kuchapa wala kutazama harusi ya binamu. Yanachokuzuia zaidi ni mapambo, kama kubadili picha ya mbele. Lakini watu huku waliyaogopa kama barua ya mahakama. Waliokuwa na Windows 7 waliona hata picha ya mbele ikigeuka nyeusi, na mama mmoja aliniletea yake imefungwa kanga, akasema mashine imefiwa.

Mimi nilichomeka flashi. Programu iliyokuwamo ilidai kwanza antivairasi izimwe. Nikaizima. Yaani mlinzi anafungwa kamba kwanza ndipo mgeni anaingia, na kwa miaka sita sikujiuliza ni mgeni gani huyo. Nilibonyeza mara mbili, nikahesabu hadi ishirini, maandishi yakatoweka, nikapokea noti.

Ilivyofanya kazi nilikuja kujua baadaye. Mashirika makubwa, vyuo na benki, hayaingizi ufunguo kwenye kila kompyuta. Yana seva moja ndani ya jengo, na kila kompyuta inaiuliza: bado mimi ni wako? Ikijibiwa ndiyo, inapata ruhusa ya siku 180, na inaendelea kujaribu kuuliza kila baada ya siku 7 ili siku zisiishe. Programu ya kwenye flashi ilijigeuza seva ya uongo ndani ya kompyuta ileile. Mashine ya mkulima wa maharage wa Mgwashi iliamini iko kwenye ofisi ya ghorofa mahali fulani. Kikitokea chochote cha kuuvuruga uongo huo, siku zinahesabika hadi zinakwisha, na maandishi yanarudi. Wateja wangu walikuwa wakirudi kila baada ya miezi sita hivi, vuli na masika, kama maharage yenyewe. Nilidhani ndiyo biashara nzuri.

Sasa nimtaje mwalimu. Jina lake siandiki. Alinifundisha kusoma darasa la kwanza, akastaafu, akabaki kwenye nyumba yake juu ya migomba. Mwanawe alimletea kompyuta ya mezani kutoka Dar es Salaam, Dell iliyokwisha kutumika Ulaya na kukarabatiwa, yenye Windows 10. Aliitaka kwa kazi moja. Alikuwa anakusanya maneno ya Kishambaa ambayo wajukuu wake hawayajui tena, na maana zake kwa Kiswahili. Kwenye daftari alikuwa ameyaandika kwa penseli, akiyachapa anafuta. Hilo la kufuta nilimkanya nusu mdomo tu, kwa kuwa ni mwalimu wangu.

Kila asubuhi akiwasha, kioo cheusi kilileta maneno meupe ya Kiingereza kwamba saa haijawekwa, abonyeze F1 kuendelea. Aliniita. Nikasoma, nikacheka. “Bonyeza tu F1, Mwalimu. Haina shida.” Akabonyeza F1 kila asubuhi kwa miezi mitatu, kwa utii ambao mimi sikuwahi kumpa darasani.

Mwezi wa sita mwaka 2020 akaniita tena. Maandishi ya kona yalikuwa yamekuja. Mjukuu wake alikuwa amejaribu kuiwasha leseni kwa intaneti ya simu ikakataa, ikatoa namba ndefu, naye kwa adabu zake akaiandika kwenye kipande cha karatasi: 0x80072F8F. Aliniwekea karatasi hiyo mezani kando ya kikombe cha chai. Niliisukuma pembeni nipate nafasi ya kuweka simu. Nikachomeka flashi nyekundu. Toleo lilikuwa jipya, nilikuwa nimelishusha wiki ileile, kwa kuwa la zamani lilianza kugoma. Nikahesabu hadi ishirini.

“Imepona?”

“Imepona, Mwalimu.”

Alinipa 5,000 na mkungu wa ndizi.

Siku mbili baadaye mjukuu alikuja mbio. Kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi nisizozijua, hakuna lililofunguka. Picha za ubatizo, mahesabu ya kikoba, na lile faili la maneno. Katika kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza: faili zako tumezifunga, ufunguo ni dola 980, ukituandikia ndani ya saa 72 tutakupunguzia hadi 490. Kwa kiwango cha wakati ule dola 980 ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Mwalimu aliniomba nimtafsirie barua yote, asipitwe na neno. Nilipofika kwenye punguzo la nusu bei akasema, “Angalau wana utu wa sokoni.”

Kirusi kile kina jina, kinaitwa STOP, na njia yake kubwa ya kusambaa ni programu kama ya kwangu, za kuvunja leseni. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa bure programu ya kufungua faili zilizofungwa na matoleo yake 148. Nilipanda kilimani penye mtandao, nikaishusha usiku kwa bando la usiku, nikashuka nayo kama mtu aliyebeba dawa ya mgonjwa. Ikajibu kwamba faili hizi zimefungwa kwa ufunguo wa mtandaoni wa toleo jipya, haiwezi. Nikajaribu tena. Ikajibu vilevile.

Mwalimu hakupiga kelele. Kuna maneno mawili ya wazee wetu, kubana shi na kuzifya shi. La kwanza ni kuiharibu nchi, mvua zigome na watu wafe njaa, na la pili ni kuiponya. Wazee waliyasema juu ya zumbe na watawala wengine, si juu ya mafundi wa kompyuta. Aliniambia neno moja tu, akiwa anafunga dirisha: “Umebana.”

Siku hiyo sikubadilika. Nawaambia ukweli, maana shuhuda nyingi hapa zinadanganya: mtu anasema alianguka barabarani akainuka mtakatifu. Mimi nilikwenda nyumbani nikakasirika. Niliilaumu intaneti, nikamlaumu mjukuu, nikailaumu kampuni kubwa inayouza Windows ghali. Wiki iliyofuata niliwapigia watu wawili windo kwa flashi ileile, huku mkono ukitetemeka.

Kilichonibadilisha ni kitambaa. Nilirudi kuichukua ile kompyuta niisafishe, na katika kuinyanyua nikakiondoa kile kitambaa cheupe cha kufuma alichokitandaza juu ya kasha lake, kama tunavyovitandika sote juu ya redio na televisheni. Chini yake, ubavuni karibu na juu, palikuwa na stika. Windows 10 Pro, ya mashine zilizokarabatiwa, na ufunguo wake wa herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano. Mwanawe alikuwa amelipia, mashine ilikuwa na leseni yake halali tangu Dar es Salaam. Ilichokosa ni kuthibitishwa kwa intaneti mara ya kwanza, na huku kwetu intaneti haikuwahi kuifikia hadi mjukuu alipoiunganisha na simu.

Kwa nini basi ilikataa siku ile? Nilikitafuta kile kipande cha karatasi, kilikuwa bado chini ya sahani ya kikombe. Namba ile, 0x80072F8F, maana yake kubwa ni hii: saa na tarehe ya kompyuta yako si sahihi. Mawasiliano ya usalama ya intaneti hukagua vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani leo ni Januari mosi ya miaka minane iliyopita inaona vyeti vyote havijaanza kazi, inakataa kuongea. Na ilidhani hivyo kwa kuwa ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, CR2032, kama kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Betri ikifa, umeme ukizimwa usiku, saa inarudi mwanzo. Asubuhi mashine inasema kwa maandishi meupe: saa haijawekwa. Na mimi nilimwambia Mwalimu abonyeze F1.

Nilikwenda Lushoto, nikanunua betri ile kwa bei ndogo kuliko nauli ya kunirudisha. Nikafuta kila kitu, nikaipiga windo safi kutoka kwa wenyewe, nikaweka betri, nikaweka tarehe, nikaunganisha simu, nikaingiza zile herufi 25. Haikufika dakika moja. Nilikaa nikiangalia ile kona tupu ya kioo nikaona haya.

Hapo ndipo nilipochukua kaunta buku ya kwaya mbili nikaanza kuandika namba za makosa. Na nikaanza kuwazungukia wateja wa zamani, nikiwaomba nizitazame tena mashine zao. Mwaka ule nilizipitia 23. Kati ya hizo, 14 zilikuwa na leseni zake halali, na mimi nilizivunja hivyohivyo.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, na watu hawalielewi kwa haraka, kwa hiyo nieleze taratibu. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta wanauweka ufunguo ndani ya chipu kwenye madabodi kiwandani. Stika ya herufi 25 mara nyingi huioni tena. Ukiipiga windo upya, mashine yenyewe inausoma ufunguo huo na kujiwasha ikipata intaneti, hakuna mtu wa kukuuliza kitu. Sharti ni moja: toleo liwe lilelile. Laptopu nyingi za dukani huja na Home. Flashi yangu ilikuwa na Pro peke yake, kwa kuwa fundi wangu wa Tanga aliniambia Pro ndiyo ya wanaume. Kwa hiyo nilichukua mashine yenye leseni ya Home, nikaipiga Pro, ikalalamika haina leseni ya Pro, nikailetea dawa ya wizi, nikatoza 15,000 kwa jumla. Niliwaibia watu kitu walichokwisha kukilipia, kisha nikawauzia cha wizi. Kuwarudishia ilitosha kuwapigia Home, kuunganisha simu, na kusubiri.

Kuwaeleza wateja nilipata shida mpaka nilipoikumbuka luku. Kila mtu huku amewahi kusimama mbele ya mita gizani akiingiza tarakimu 20 kwa tochi ya simu. Kila mtu anajua tokeni ya mita yako haiingii kwenye mita ya jirani hata mkigawana ukuta. Leseni iliyozaliwa na mashine ni hivyohivyo, imefungwa kwenye madabodi yake. Ile iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhama. Mwenye duka mmoja alipigwa na radi masika iliyofuata, radi za milima hii mnazijua, madabodi ikaungua na nyingine ikawekwa. Mashine ikatoa 0xC004F211, yaani vifaa vimebadilika. Bahati yake leseni yake ilikuwa ya kununuliwa, na alikwisha kuiunganisha na akaunti yake ya Microsoft, jambo linalowezekana tangu mwaka 2016. Tuliingia kwenye kisuluhishi cha matatizo, tukachagua kwamba kifaa kimebadilishwa hivi karibuni, ikakubali. Mwingine, mwenye leseni ya kuzaliwa nayo, nilimwambia mita yake imekufa na umeme wake. Alielewa upesi kuliko kama ningemsomea sheria.

Kijana mmoja alileta laptopu nzuri kupita fedha aliyoinunulia. Ilikuwa inatoa 0xC004F074, haiioni seva. Ilikuwa mashine ya taasisi, mtoto aliyepotezana na mama yake, akilia, na sasa siku 180 zimetimia. Zamani ningempa mama wa uongo. Nilimuuliza aliipata wapi, akaanza kuangalia barabara. Aliondoka nayo, sikujua ilikoishia. Bodaboda mmoja naye alinunua ufunguo wa 15,000 kwa mtu wa kwenye simu, ukafanya kazi mwezi mmoja kisha ukaja na 0xC004C003, umezuiwa. Aliniambia nikiwa mwizi nilikuwa fundi mzuri zaidi.

Nisieleweke vibaya. Sikuokoka kwa ajili ya kampuni. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na programu za kompyuta zimo, nami sina hamu ya kupimana nayo. Lakini Windows 10 Home ilipangiwa bei ya dola 139 Marekani, zaidi ya laki tatu, na mkulima anayeambiwa alipe hiyo kwa ajili ya maandishi ya kona ana haki ya kucheka. Asiye na leseni wala fedha namwambia hivyo wazi, kisha namwonyesha Linux Mint, ambayo haidai ufunguo kwa mtu yeyote, na LibreOffice ya kuchapia. Wengine hunikatalia kwamba hizo ni za Wazungu wa vyuo. Nawaambia mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, ya Kiswahili kitupu, wakati mimi sijawahi kugusa kompyuta. Hawaniamini, lakini wanakaa kujaribu. Wawili kati ya watano hurudi kudai Windows yao. Nawarudishia ile waliyokuwa nayo kihalali, kama walikuwa nayo.

Kipato kilishuka nusu, na mke wangu aliuliza maswali ambayo sina majibu yake hadi leo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 imeachwa na wenyewe, na mashine nyingi za huku haziwezi kubeba Windows 11 kwa umri wa vichakataji vyake. Foleni mlangoni imerefuka tena. Wapo wanaouliza kama ile flashi bado ninayo. Ipo, imening'inia msumarini kwa kamba yake ya kiatu. Niliitoboa kwa moto.

Diski ya Mwalimu niliitoa, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni na chumvi ya kufyonza unyevu ya kwenye boksi la viatu, nikaiweka kabatini. Huenda siku moja ufunguo wake utapatikana. Yeye hasubiri. Mwaka ule kabla ya msiba nilikuwa nimemchapia kurasa za mwanzo, wino ukaniishia kwenye herufi K. Kwa hiyo A hadi K zipo kwenye karatasi. Bana imo. Kuanzia L, maneno yote alikuwa amekwisha kuyafuta daftarini, ikabidi ayatafute upya, kichwani mwake na kwa wazee wenzake, ambao wamepungua.

Kila Jumamosi napanda kumchapia. Hanilipi na mimi sitaji. Nikifika naangalia kwanza saa ya mashine, hata kama luku haikuisha usiku, kisha tunaanza. Kitambaa bado anakitandaza, ila amekikunja pembe moja na kuishona kwa uzi mwekundu, stika ionekane. Nilimwambia haina haja, ufunguo nimekwisha kuuandika mahali. Akasema kitambaa ni chake.

Jumamosi iliyopita alikuwa amechoka, anakohoa, na baridi ilikuwa kali. Nikaingiwa na wasiwasi ambao sikuutamka. Nikamwomba turuke, tuandike zifya kwanza, maana najua maana yake anaijua vizuri na mimi nataka kuiandika.

Aliniangalia juu ya miwani.

“Tuko S, mwanangu.”